Fundi Pindo na Uvimbe Usiokuwa Saratani

Ndugu waombolezaji, marehemu mjomba wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pindo kwa sababu suruali aliyoipinda yeye haikufumuka mpaka kitambaa chenyewe kichoke, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, akiwa kitinda mimba wa watoto watano, akasoma kuanzia 1966 hadi 1972 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza kusoma, kuandika na kukwepa viboko.

Mwaka 1975 alianza ushonaji kwenye kibaraza cha kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kukanyaga pedeli, na tarehe 11 Juni 1983 alifunga ndoa na mkaza mjomba wetu, wakajaliwa mabinti wawili. Kaka huyo alipougua saratani mwaka 2004, marehemu ndiye aliyeketi kando ya kitanda na kumwambia, kama ilivyokuwa desturi ya familia yetu ya kumficha mgonjwa, kwamba ni kivimbe tu, kitapona, na kaka akafa Novemba hiyo akiamini, au akijifanya anaamini.

Januari 2021 marehemu aliota uvimbe kwenye unyayo wa kulia, akasema ni sugu ya pedeli, hadi ukawa kama limau na kiatu kikakataa kuingia, ndipo mabinti wakampeleka hospitali, akapigwa picha, akatolewa kinyama cha kupimwa, na tarehe 9 Mei 2022 daktari akamweleza kwamba huo ni uvimbe wa nadra unaoota kwenye ala ya kano, yaani utando unaofunika kano, si saratani, hausambai mwilini, hutolewa kwa upasuaji na mtu akatembea. Mjomba alicheka, akamjibu kwamba maneno hayo anayajua, aliwahi kuyasema mwenyewe.

Tulimwapia, tukamsomea majibu, daktari akaja hadi nyumbani, lakini kila tulivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kusadiki kwamba anakufa, akakataa upasuaji, akagawa mikasi yake, akaketi kitini kusubiri. Kukaa huko ndiko kulikomuua, damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni, akafariki tarehe 17 Agosti 2023, saa nne asubuhi, na uvimbe ulikuwa palepale ulipoota.

Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watatu. Tunamshukuru daktari, aliyerudia ukweli uleule bila kuchoka, wauguzi, majirani mliombeba na kiti chake hadi garini, na mafundi wenzake mliofunga vibaraza vyenu leo. Mkaza mjomba, usijilaumu.

Mjomba, inatuuma kwamba siku tuliyokwambia kweli ndiyo siku uliyotukatalia. Pumzika kwa amani, Fundi, sisi hatukukudanganya.