Homa Iliyosema kwa Mdomo Wangu

Ndugu zangu mliokusanyika,

Mtanisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala kama mtama uliopigwa na mvua, na maneno mengine nimeyaandika vibaya, kwa maana niliacha shule mapema. Nimemwomba dada anayesoma matangazo awasomee, nami nimeketi hapo nyuma karibu na mlango. Nikisimama mbele za watu sauti hunikimbia. Tafadhali msigeuke kunitazama.

Nataka kushuhudia jinsi nilivyougua wakati wa Hali ya Hatari, na jinsi nilivyopona. Sitamtaja mtu kwa jina.

Mnakumbuka tulivyotolewa mashambani na serikali ya mkoloni tukawekwa pamoja kijijini, nyumba zimebanana, na mtaro wenye vigingi vilivyochongwa ukituzunguka. Kina mama walifunguliwa lango kwa saa moja tu kwenda kuchota maji. Chemchemi nzuri ilikuwa ng'ambo ya bonde, na saa hiyo haikutosha kwenda na kurudi. Basi tulichota kwenye kijito kilichopita chini ya vyoo vya kijiji. Nawaambia, maji yale yalikuwa yanang'aa. Niliyaona mawingu ndani yake, nikayanywa kwa viganja, mawingu na yote.

Kulikuwa na jambo jingine. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa msituni na wapiganaji. Siku za kwenda kulima, mama alimwachia chakula chini ya mgomba ulioinama, kwenye shamba letu la zamani. Tuliojua ni mama, cucu, yaani nyanya yangu aliyemzaa mama, na mimi. Homgadi, wale askari wa kijiji waliotulinda kwa niaba ya serikali, wangejua, mama angefungwa, na mjomba angengojewa pale pale mgombani.

Mama alikuwa amepata kibali cha kunituma Ishiara kwa shangazi kuchukua mtama. Siku chache baada ya kurudi, kichwa kikaanza kuniuma hapa mbele, juu ya macho. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Mama alinigusa shingo akasema, "Ni homa ya huko chini. Ameileta na mtama."

Ninyi wa Ishiara mtacheka, lakini sisi wa juu ndivyo tulivyokuwa. Mtu akishuka kwenu akarudi na joto mwilini, basi ni mbu wenu, na hakuna anayeuliza zaidi. Mama akanichemshia magome machungu, akangoja nitetemeke kisha nitokwe jasho, kama wanavyofanya wenye malaria.

Sikutetemeka. Joto lilipanda polepole, kama mtu anayepanda mlima bila haraka. Asubuhi lilikuwa juu, jioni juu zaidi. Tumbo likavimba, likauma. Ulimi ukawa mkavu na mweupe katikati.

Halafu nikaanza kuelea. Siwezi kusema vizuri. Nyumba ilikuwa ndogo lakini mlima ulikuja ukaketi ndani, na theluji yake kichwani, ukakunja miguu ili usitukanyage. Mbuzi wa Ishiara walitembea juu ya nyasi za paa bila kutoa sauti. Kijito kilipita chini ya kitanda changu kikiniita kwa jina langu la utotoni. Sikuogopa. Nilikuwa kama jani ndani ya maji, na vidole vyangu vilichuna blanketi nikidhani nachuma mboga.

Na mimi, ambaye shuleni mwalimu alisahau kama nipo, nikaanza kusema. Nilimwita mjomba. Nilimwambia, "Mjomba, viazi viko chini ya mgomba ulioinama, njoo kabla havijapoa."

Mama aliniziba mdomo kwa leso. Niliitema. Ukuta wa jirani ulikuwa karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa. Basi mama akachukua kinu, akatwanga mlangoni kila nilipoanza kusema. Ndani ya kinu hapakuwa na kitu. Cucu alinieleza baadaye kwamba jirani alipiga kelele, "Mama wee, mnakula nini nyinyi? Njaa yote hii na kinu chako hakilali!"

Cucu alitaka nipelekwe hospitali ya misheni. Mama alikataa.

"Nitampitishaje langoni na mdomo huo?" alisema. "Nimtoe ndugu yangu ili nimpate mtoto?"

"Ataponaje hapa?"

"Ni homa ya Ishiara, mama. Itamwachia."

Kisha jirani yule yule aliyetucheka akafiwa na mtoto wake mdogo. Alikuwa ameugua kama mimi, joto lisiloshuka, tumbo, usingizi usio usingizi. Cucu alirudi kutoka mazishini, hakuketi. Alishika mtwangio, mama akiwa bado anatwanga.

"Yule mtoto," alisema, "alifika Ishiara lini?"

Mama akauachia mtwangio.

"Hajawahi kutoka nje ya mtaro huu. Hii homa haikutoka chini, mwanangu. Iko hapa hapa, na tunakunywa nayo."

Ndugu zangu, hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka, nami sikuwa na habari. Nilikuwa nazungumza na mlima.

Asubuhi lango lilipofunguliwa, wanawake walinifunga kwenye machela ya magunia. Mama aliwaambia waimbe. Hakuwaambia kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Shangazi mwingine, mnene na wa hapo kijijini, ambaye kanisani akianza wimbo watoto walikuwa wakiziba masikio, aliwekwa karibu na kichwa changu. Aliimba kama anayefukuza ndovu. Katika ndoto yangu, wimbo ule ulikuwa mvua kubwa inayoanguka juu ya migomba.

Homgadi wa langoni akainua mkono. Waliponyamaza, mimi nikaendelea.

Akainama. "Anasema nini huyu?"

"Anaumwa," mama akasema.

"Nimesikia mgomba. Nimesikia mjomba. Mgomba upi huo?"

Cucu akajitosa mbele. "Wewe kijana, jana huyu alinitazama usoni akaniita mbuzi. Ulitaka nianze kula majani?"

Wanawake wakacheka, lakini cucu alisema baadaye kicheko chao kilikuwa chembamba. Homgadi hakucheka. Aliweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu. Hicho nakikumbuka mwenyewe, maana kilikuwa baridi, nikadhani ni theluji ya mlima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza yote, mgomba, viazi, mjomba. Kisha akasimama, akafuta mkono kwenye kaptula.

"Pitisheni," alisema. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na muimbe. Huyu mnene aimbe kwa nguvu zaidi. Huko barabarani kuna wengine."

Waliimba mpaka hospitali.

Huko walisema ni homa ya matumbo. Walinipa dawa, wakanilaza mbali na wengine. Mlima uliondoka kidogo kidogo, hata siku moja nikaona ni ukuta uliopakwa chokaa. Nililia kwa kuukosa. Nywele zilinyonyoka, zikaota tena. Mama alirudi kijijini, na hakuna mtu aliyekwenda kumchukua. Mgomba ule haukungojewa na mtu.

Sasa mtaro umefukiwa, nami naweza kuyasema haya. Nawashukuru wanawake walionibeba. Namshukuru shangazi kwa sauti yake, nasi tusimcheke tena. Cucu amelala mavumbini, Mungu ampumzishe. Namshukuru mama, aliyenyanyua machela bila kujua atampoteza nani.

Ninachowaomba ni hiki. Mtoto akipata joto, msiseme haraka limetoka wapi. Mtazameni. Malaria mara nyingi humtetemesha mtu, ikamtoa jasho, ikamwachia, ikarudi. Homa ya matumbo hupanda bila kushuka, na kichwa, na tumbo. Pengine choo hufunga, kisha huachia. Mwishoni mgonjwa husinzia na kuongea peke yake. Lakini homa hufanana, hata mama yangu alidanganyika. Msingoje dalili zote zije, mpelekeni hospitali. Na maji yachemsheni, hata yakiwa na mawingu mazuri ndani yake.

Mkitaka kuniuliza, msinijie mlangoni, nitanyamaza tu na mtaona vibaya. Niandikieni, mumpe dada msomaji. Nitajibu, polepole.

Na wewe uliyekuwa langoni, labda umeketi humu leo. Sikuuona uso wako, nakijua kiganja tu. Nawe niandikie. Usiweke jina. Andika tu kwamba bado unaukumbuka ule wimbo, nami nitajua.