Harun Aliyepima Mbingu kwa Ngumi

Wasikilizaji wapendwa, hapa Nyeri hakuna aliyehesabu nyota akanishinda mimi, Wakonyo, mama yake Mwai. Nimehesabu zote. Ni mbili. Na ya pili ilikuwa taa ya bodaboda ikipanda kilima.

Aliyenifunza ni Harun, fundi wa nguo wa Majengo. Harun alituacha wiki jana, mwezi huu wa Mei.

Watu aliwapima kwa tepu. Mbingu aliipima kwa ngumi. Nilimpelekea rinda, akanitoa nje.

"Nyoosha mkono, Mama Mwai. Funga jicho moja. Ngumi moja ni digrii kumi. Kidole cha mwisho, digrii moja."

"Na mkono wangu mfupi hivi?"

"Mkono mfupi, ngumi ndogo. Mungu alishapima."

Kila Januari alihesabu Kilimia, kile kishada cha nyota, ngumi sita na nusu juu upande wa kaskazini. Aliandika daftarini. Mwaka wa kwanza, nyota sita. Halafu wakasimamisha mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaa, karibu na duka lake. Zikawa nne. Januari hii, mbili. Sikieni tena: kutoka sita hadi mbili.

Alienda ofisi ya kaunti kuomba taa ifunikwe juu, imulike chini tu. Karani akamwuliza, "Ati mzee, wewe uko upande wa wezi?"

Mkewe Rukaya ananiambia: "Siku hiyo alishona suruali mguu mmoja, akasahau wa pili."

Machi miguu ilimkataa. Akanipa daftari. Alitaka kitu kimoja tu: hesabu isife naye. Binti yake Salwa, aliye Othaya, alikuwa amemwambia, "Baba, huku niko na ukungu tu." Basi nikaapa mimi. Nitaangalia kila jioni, nimletee habari kitandani.

Daftari bado liko kwangu. Kurasa nyeupe ni nyingi. Hakuna mwingine aliyeliomba.

Rukaya, Salwa, poleni sana. Mungu amrehemu fundi wetu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo zimeni taa ya mlango, mnyooshe mkono. Pengine hamtaona kitu. Jiulizeni tu tulizipoteza lini, na mbona hakuna aliyelia.

Jioni yake ya mwisho aliniuliza, sauti imekwisha, "Ziko?"

Mimi nilikuwa nimetoka jikoni kuota moto. "Ziko, Fundi! Zote sita zimerudi. Nimehesabu sasa hivi."

Akafungua jicho moja.

"Mama Mwai, mwezi wa tano Kilimia iko nyuma ya jua. Umehesabu nini?"