Gebhard Kathrein na Kura ya Jansiana

Baba Padri, majirani wa Innerplatt, nanyi mliopanda kutoka bondeni, familia imepewa kazi ya kueleza maisha ya Gebhard Kathrein, na itayaeleza kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1903, mtoto wa tatu wa Romedius na Agatha Kathrein, katika nyumba ileile alimofia. Alisoma shule ya kijiji mpaka mwaka 1917, akaacha kwa sababu baba yake alihitaji mikono ya kuchimba jansiana, mzizi wetu mchungu, ambao siku hizo wauza dawa wa mjini waliununua kuutengenezea unga wa tumbo na homa, na wenye viwanda vya vileo waliubeba kwa mikokoteni, wakauloweka uwe kinywaji cha watu walioshiba. Walichimba mpaka mlima ukabaki mashimo, na ng'ombe aliyeacha kucheua akakosa dawa palepale dawa ilipokuwa ikiota. Ndipo mwaka 1924 kijiji kikaufunga mlima na kuanzisha kura, majina machache yanatolewa kwenye kofia kila Sikukuu ya Kanisa letu, mwezi Septemba, na mwenye kura huchimba mzigo mmoja, hurudishia udongo na majani yake, kisha hupika pombe kali ya dawa kwa ajili ya nyumba yake. Masharti yake ni yaleyale mpaka leo, mchimbaji awe analala nyumbani kwa mwenye kura, na mwenye kura awe hai moto unapowashwa chini ya mtambo wa kijiji wa kupikia pombe hiyo, maana akifa kabla ya hapo mizizi ni ya kijiji.

Marehemu alichunga ng'ombe wa kijiji tangu 1920, baadaye akawa mfungua njia zilizozibwa na theluji hadi 1965. Tarehe 17 Mei 1932 alifunga ndoa na Kreszenz, wakajaliwa Hedwig mwaka 1934 na Florin mwaka 1936. Februari 1941, marehemu akiwa vitani, Florin aliugua tumbo, nyumbani hakukuwa na chupa ya dawa hiyo, na mama yake akaenda kugonga milango ya watu na kijiko mkononi. Alipewa, akarudi tena akapewa. Mtoto alifariki. Familia haisemi kwamba chupa ingemponya. Marehemu aliporudi mwaka 1946 alisema neno moja tu juu ya jambo hilo, "Mke wangu hatagonga tena mlango wa mtu na kijiko," na tangu hapo akaweka jina lake kwenye kofia kila mwaka, lakini halikutoka.

Meinrad, mshika kofia, alizoea kumtania mbele ya watu, "Gebhard, jina lako limeota mizizi humu, lete koleo ulichimbue!" naye alijibu, "Liache, jirani, jansiana nzuri haina haraka."

Agosti 1969 madaktari wa Innsbruck walimkuta na uvimbe tumboni, wakamrudisha nyumbani. Jumapili ya tarehe 14 Septemba jina lake lilitoka. Meinrad alilisoma, na safari hii hakuongeza kitu. Afra, binti wa Hedwig, mwenye miaka kumi na sita, aliacha shule huko mjini, akalala kwa babu yake jioni ileile, na kesho yake akapanda mlimani. Alipomletea kipande cha kwanza, babu alikitafuna kwa muda mrefu.

"Hakina ladha. Ni kama kutafuna kamba."

Afra akaonja naye. "Mchungu, babu. Mchungu sana."

"Basi nakuamini wewe."

Mizizi ilikatwakatwa ikachachuka vizuri kwenye pipa, na moto ukapangwa kuwashwa Jumatatu ya tarehe 3 Novemba, saa mbili asubuhi. Siku hiyo, kabla hakujapambazuka, marehemu alivuta pumzi ya mwisho.

Hedwig alisema, "Mama, tuwashe kwanza, kengele ya msiba baadaye. Nani atajua?"

"Historia yake itasomwa kanisani," mama yake akamjibu, "nayo itataka saa ya kifo. Tutasoma ipi?"

"Ulimzika Florin, mama! Unataka kurudi kwenye milango ya watu?"

"Nitarudi. Nipe shali yangu."

Alikwenda kupiga kengele mwenyewe. Meinrad alimkuta mlangoni mwa kanisa, ufunguo wa mtambo mkononi, akamwambia, "Ungenyamaza, mama Kreszenz, mimi nisingeuliza."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga."

Hivyo isomwe kama ilivyo, Gebhard Kathrein alifariki saa kumi na moja na robo alfajiri, na moto ulikuwa haujawashwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Innsbruck, wafungua njia wenzake waliobeba jeneza, na majirani walioleta kuni. Meinrad atatoa jina jingine Jumapili baada ya misa. Pipa liko nyuma ya jiko letu, Afra anaendelea kulikoroga asubuhi na jioni, na atakayepata kura aje mapema, maana jansiana iliyochachuka haingoji matanga. Asibishe hodi, mlango utakuwa wazi.

Gebhard, kwetu umemaliza. Pumzika, na amani iwe juu yako.