Kushoto kwa Fundi Pima

Benchi la mbele ya kibanda cha redio linabeba wanaume wanne wenye makalio ya wastani, na anayebisha aje alipime. Alasiri ile walikuwa watatu tu, na bado Breki, dereva mstaafu wa malori, alikuwa amening'inia ukingoni kwa tako moja. Katikati alikaa Redio, mwenye kibanda, anayejua kila kitu isipokuwa kutengeneza redio. Kisha Fundi Pima, mshonaji. Kulia kwa Pima pakabaki wazi, na hakuna aliyejisogeza. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa kwenye kigoda chake mbele yao.

Pima alikuwa na kipandauso cha miaka mitatu. Wiki iliyopita kilimfanya ashone mkono wa shati penye kola, na wateja wakaanza kupita mlangoni kwake bila kusalimia. Ndipo akaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

— Haya, fundi, alikukanda? Breki aliuliza.

— Kwanza aliniuliza maswali. Nakaa vipi, nalala vipi. Kisha akabonyeza hapa, chini ya kisogo. Bwana wee, maumivu yakawaka juu ya jicho palepale.

— Kabonyeza shingo, likauma jicho?

— Alisema yanaishi shingoni, kichwani yanakuja kutembea tu.

— Mie ningetoka mbio, alisema Mama Birika.

— Ana cheti ukutani, mama. Basi akaniuliza, "Baba, kazini kwako, kushoto anakaa nani?"

Breki alishusha kikombe.

— Ukamjibuje?

— Hakuna mtu. Akasema, "Shingo yako haisemi hivyo. Hii ni shingo ya mtu anayegeuka kuongea na mwenzake kutwa nzima."

Wote walijua. Chaki, mkata vitambaa, alikaa kushoto kwa Pima miaka ishirini. Walimzika miaka mitatu iliyopita. Kiti chake hakijaondolewa.

— Hilo dogo, alisema Redio. Kichwa ni redio. Stesheni imefungwa, wewe hujahama mawimbi.

— Stesheni iliyofungwa inasema nini, na wewe? aliuliza Mama Birika.

— Nani kakwambia haisemi? Ninayo moja humo ndani, haina betri mwaka wa pili.

— Inafanyaje?

— Basi tu. Nimeigeuzia ukutani.

Breki alitikisa kichwa taratibu.

— Nimeendesha lori miaka thelathini. Springi za kushoto zikilala, usiniambie kiti kitupu. Springi hazilali kwa mazoea. Zinalala kwa uzito.

Pima hakupenda kusikia hilo.

— Na dawa? aliuliza Mama Birika.

— Mazoezi. Navuta kidevu nyuma, mara kumi, kila saa. Na nigeuze cherehani, kushoto kuwe ukuta. Nimegeuza Jumatatu.

— Kichwa je?

— Kimetulia. Siku ya tatu leo sijameza kidonge.

— Sasa mbona umekaa kama mtu wa matanga?

Pima alizungusha kikombe. Angewaambiaje kwamba miaka mitatu yote, kila kitambaa kilichoingia dukani alikijadili na kile kiti, na kwamba tangu Jumatatu anashona kimya mpaka anaisikia sindano ikipumua?

— Jana nilifika mwisho wa pindo, alisema. Nikanyoosha mkono bila kuangalia, nikasema, "Nipe uzi." Kumbe nimegeukia kulia.

— Ukapewa?

Pima alisugua shingo, na safari hii ilikuwa upande wa kulia.

— Leo asubuhi, alisema, panaanza kuvuta huku.

Redio alimsogelea Breki kidogo. Breki hakuwa na pa kusogea. Mama Birika akainua birika, akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Akavitazama. Hakurudisha hata kimoja.

Hapo akatokea mtu wasiyemfahamu, begani begi, usoni jasho la safari. Aliona nafasi kwenye benchi, akaonyesha kwa kidole.

— Samahani, wazee wangu. Hapa pana mtu?

Breki alikagua kiatu chake. Redio, asiyekosa jibu, aligeukia kibanda chake. Wakamwachia Pima.

Pima alikuwa ameshageukia kulia, kama anayengoja mwenzake ajibu mwenyewe.