Samoni Aliyerudishwa Mtoni

Ndani ya basi la Kilburn, Mpemba wa kiti cha mbele alikuwa akieleza kwenye simu kwamba anarudi kutoka Scotland na samaki mzima wa samoni, aliyemvua mwenyewe. Alipokata simu tu, mzee Singasinga aliyekaa kando yangu akamwinamia. “Mimi Surjit, wa Kisumu. Umemvua mtoni au ziwani?”

“Ziwani.”

“Aa, ziwani anapumzika, umemkuta amelala! Mimi namngoja mtoni, akipanda kwenda kutaga. Hapo hali kitu, bwana. Anauma chambo kwa hasira tu.”

“Mtoni si wamebanana kama sisi humu?” Mpemba alicheka. “Kazi iko ziwani, maji yote yale. Haya, wako yuko wapi, mzee wangu?”

“Nilimrudisha. Jike, tumbo limejaa mayai. Miaka kumi na moja naenda, huyo ndiye wa kwanza.”

“Na nani alimwona?”

“Hakuna. Hata mke wangu haamini.” Alilisema hilo kidevu juu, kama mtu anayetaja cheo chake.

Basi likasimama. Mpemba akabeba fito zake za kuvulia, akapiga hatua mbili, akageuka. “Alikuwa mkubwa kiasi gani?”

Mzee akatanua mikono. Nikajibana dirishani, apate nafasi ya kutosha.