Hodi ya Wasapu

Magreth alipanda bajaji Msamvu amempakata jogoo wake, wala hakuwa na haja na mambo ya watu. Ila kwenye bajaji masikio hayana pa kwenda.

"Posa ya mjukuu wangu imevurugika," bibi wa pembeni yake alikuwa akimweleza kijana asiyemjua. "Wazee wa upande wa mume wamefika hadi mlangoni, badala ya kubisha hodi wakaituma kwa wasapu! Sisi tuko ndani, pilau inapoa, bando limeisha. Jua likawachosha, wakaondoka."

"Samahani bibi, kosa ni lenu," kijana akasema. "Mnangojaje posa bila bando? Wazee wameona tiki moja, wakajua mmewabloku."

"Na mikono yao je? Nayo tuliibloku isigonge mlango?"

"Na ile pilau?" Magreth akajikuta ameuliza.

"Tukaila. Tungeitupa?"

Magreth akatikisa kichwa, kwa huzuni ya posa na kwa hamu ya pilau.

Bajaji ikasimama Kihonda, mbele ya nyumba ya mchumba wa kijana. Kijana akashuka, akasimama getini, akachomoa simu, akaandika.

"Gonga, mjukuu wangu!" bibi akamwambia.

"Nimeshatuma, bibi."

Bibi akatoa kichwa nje, akavuta pumzi. "Hodiiii!"

Majirani wa kulia na wa kushoto, pamoja na mama wa genge ng'ambo ya barabara, wakaitikia kwa pamoja, "Karibuuu!" Ndani ya geti lile tu ndiko kulikokuwa kimya.

Kijana akaitazama simu yake.

"Tiki moja," akasema kwa sauti ndogo.