Pete ya Adeline na Udongo wa Mwezini

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa hapa Moulton na ninyi mliotoka Houston alfajiri ya leo, familia imenipa mimi, Leland Kubena, mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu mpendwa, Adeline Kubena Tidwell, naye mwenyewe aliagiza yasiwe marefu, agizo ambalo nitalitii kadiri nitakavyoweza.

Marehemu Adeline alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 hapa hapa Moulton, wilaya ya Lavaca, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Alfons na Ludmila Kubena, wakulima wa pamba na mahindi, akabatizwa katika kanisa hili tulimokaa, na mpaka anaanza shule hakujua lugha nyingine ila Kicheki cha nyumbani. Wanaolijua shamba la Babu wanaujua udongo wake, ule mweusi unaong'ang'ania soli mvua ikinyesha, na Bibi Ludmila hakuwa na mchezo na mtu anayeuingiza ndani, viatu viliachwa barazani, na aliyesahau alipiga deki nyumba nzima. Shangazi alipenda kusema kwamba hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake ya kwanza ya maabara.

Alisoma hapa Moulton hadi alipomaliza sekondari mwaka 1965, akaenda chuoni San Marcos kusoma kemia, akahitimu mwezi Mei 1969, na jioni ile ya Julai mwaka huo huo alikuwa sebuleni kwa jirani, pamoja na karibu nusu ya mji, wakitazama kwenye televisheni watu wawili wakitembea Mwezini. Baba yangu anasimulia kwamba wengine walipokuwa wakishangilia, Adeline alitoka nje, akasimama kwenye nyasi kuutazama Mwezi wenyewe, akarudi ndani kutazama televisheni, akatoka tena, mpaka Babu akamaka, "We mtoto, unakagua nini huko?" naye akajibu, "Nataka kuhakikisha ni huo huo, Baba."

Mwezi Septemba 1970 aliajiriwa Houston, katika maabara inayotunza mawe na udongo ulioletwa kutoka Mwezini, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Wenzake waliopo hapa watanisahihisha nikikosea, lakini nilivyoelewa mimi ni hivi, udongo ule haujawahi kunyeshewa mvua, haujawahi kupigwa na upepo, haujui mzizi wala mdudu, umelala vile vile tangu kabla ya mnyama wa kwanza kutambaa duniani, na hewa yetu hii hii tunayoivuta ingeuharibu, kwa hiyo unakaa ndani ya makabati ya kioo na chuma yaliyojazwa naitrojeni, na anayeushughulikia anaingiza mikono katika glavu nene zilizofungwa kwenye kabati lenyewe. Sehemu kubwa haikuguswa kabisa, iliwekwa kwa ajili ya wataalamu ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa, wenye vifaa ambavyo vilikuwa havijabuniwa, na Shangazi aliona kuwatunzia watu hao amana yao ni heshima isiyo na kifani. Mimi ni muuza matrekta, si mtu wa kushangaa ovyo, ila siku aliponipeleka nikasimama mbele ya kile kioo, nikaona kijiko cha vumbi la kijivu, nilivua kofia bila kuambiwa.

Hapa kanisani watu walizoea kumwomba wamshike mkono ulioshika Mwezi, naye aliwakatalia kwa kicheko, "Mimi nimeshika glavu tu, Mwezi nimeuona kama ninyi, ila kwa karibu."

Mwezi Desemba 1972 watu wa mwisho waliondoka Mwezini wakiwa na mzigo wa mwisho, Shangazi akiwa na miaka ishirini na mitano, na katika mzigo ule mlikuwa na mrija mmoja wa udongo uliofungwa kule kule, ikaamuliwa ubaki hivyo bila kufunguliwa. Alikuwa mmoja wa waliousindikiza mpaka stoo. Wote waliamini ni suala la miaka michache tu, watu watarudi na udongo mwingine utakuja, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kusubiri, hilo ndilo jambo moja aliloliombea kwa Mungu bila aibu, kwamba udongo mpya ukija, mikono yake iwe miongoni mwa itakayoupokea.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa katika kanisa hili na Royce Tidwell, fundi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pasadena, na Jumatatu iliyofuata aliivua pete, kwa sababu mle maabarani hamwingii dhahabu, wala marashi, wala rangi ya kucha, chembe moja ya dhahabu ikidondokea udongo ule, mtaalamu wa miaka hamsini ijayo atatangaza kuwa Mwezini kuna dhahabu. Royce akampigilia msumari mdogo ukutani juu ya sinki la jikoni, pete ikakaa hapo. Haikupita wiki, mama mkwe wake, Opaline, akaja kutembea, akaiona pete inaning'inia, akarudi kwake, na kesho yake akatokea mlangoni analia, amebeba sinia zima la pai ya pichi. "Mwanangu, kama ni Royce amekukosea, nitamchapa mwenyewe, lakini usituache!" Shangazi akamweleza habari ya maabara kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mama mkwe akasikiliza, akafuta machozi, akasema, "Kwa hiyo ni Mwezi ndio haumtaki mwanangu?" na Royce, aliyekwisha kata kipande cha pai, akajibu, "Mama, mimi nimeoa wawili, Adeline na Mwezi."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Emil aliyezaliwa 1977 na Janelle aliyezaliwa 1980, na wajukuu watatu. Kimbunga cha mwaka 1983 kilipoezua paa la nyumba yao, Shangazi alikuwa kazini na wenzake wakihakikisha umeme wa akiba unafanya kazi, na Royce alipompata kwenye simu alimwambia, "Paa limekwenda, watoto wazima, kuku sijui, haya niambie, Mwezi unaendeleaje?"

Alistaafu mwaka 2012, na mwaka 2014 Royce akatangulia mbele ya haki. Tulitarajia sasa ataivaa pete, hakuivaa. Mikono yake ilipasuka kwa ukavu wa miaka, sikukuu ya Krismasi Janelle akamnunulia mafuta mazuri ya kupaka, Shangazi akamgawia jirani yake, Bi Ofelia Garza, na alipoulizwa alijibu kwa ukali kidogo, "Wakirudi wataniita, nitakwenda na mikono inayonukia mawaridi?" Tulicheka, jamani, tukidhani ni utani, kumbe alikuwa bado yuko zamu.

Mwezi Machi 2022 watu wa maabara walimwita kweli, si kwa udongo mpya, bali kuja kushuhudia ule mrija wa 1972 ukifunguliwa. Alisimama nje ya kioo, na ndani mikono iliyokuwa kwenye glavu ilikuwa ya Bi Thuy Lam, ambaye Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Mgeni mmoja akaanza kumuuliza maswali, Shangazi akamkatiza, "Shii, mwache mtoto afanye kazi," na udongo ulipotokeza, umelala kwa tabaka zake kama ulivyolala kule, akalia, wala hakuyaficha machozi.

Mwezi Novemba 2023 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani ya kongosho. Alimuuliza daktari swali moja tu, kama atakuwepo watu watakaposhuka tena Mwezini, na daktari, Mungu ambariki kwa ukweli wake, alimshika mkono akasema, "Hapana, Bi Adeline, hutafika." Shangazi akamwambia Emil, "Nenda nyumbani, kaniletee pete yangu." Kidole kilikuwa kimekonda, ikawa inachomoka, Janelle akaizungushia uzi mpaka ikakaa, Shangazi akaigeuzageuza, akasema, "Haya. Sasa nimetoka kazini." Kila mmoja pale alijua amekubali.

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 2 Mei 2024, nyumbani kwake, watoto wake wakiwa kando yake, pete kidoleni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumdanganya, majirani wa Houston, hasa Bi Ofelia, aliyempaka mafuta mikononi siku zake za mwisho, yale yale ya Krismasi, akina mama wa parokia waliokesha wakioka maandazi ya Kicheki ya kolache, na wafanyakazi wenzake wa maabara waliojaza viti vya nyuma. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Bi Thuy, ambaye ameolewa mwezi Februari mwaka huu, na ambaye jana jioni alifika nyumbani kwa Shangazi kule Houston akamwomba Emil koleo, tukadhani kuna bomba linavuja. Akaenda moja kwa moja jikoni, akaung'oa ule msumari ulio juu ya sinki, akaufunga kwenye leso, akasema, "Huu nina kazi nao."

Pumzika, Shangazi, pumzika kwa amani na pete yako. Udongo ukija, wa kuupokea yupo.